Mdomo Sungura Unatibika: Kinga ya Mtoto Hujengwa Kabla ya Siku ya Upasuaji

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mama mmoja mkazi wa wilaya yetu, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, alipanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya rufaa akiwa amembeba mwanawe wa miezi minne. Mtoto huyo alizaliwa na mdomo sungura pamoja na kaakaa lililo wazi. Ukoo ulichanga nauli, mbuzi mmoja aliuzwa, na majirani walimsindikiza hadi kituo cha basi wakiamini kwamba atakaporudi mtoto atakuwa amekwisha kushonwa. Siku ya pili mama alirudi na mtoto vilevile alivyokwenda. Mizani ya hospitali ilionesha kilo 3.9, kifua kilikuwa kinakoroma, na kipimo cha damu kilionesha upungufu. Daktari alimweleza kwamba haikuwa salama kumpa mtoto dawa ya usingizi katika hali hiyo.

Kijijini habari hiyo ilipokewa vibaya. Wapo waliosema kwamba hospitali imemkataa mtoto, na wapo waliorudia maneno ya zamani kuwa ule ni mkosi usio na dawa. Hakuna lililokuwa kweli kati ya hayo mawili. Upasuaji uliahirishwa ili mtoto asipoteze uhai mezani. Kilichokuwa kimekosekana si daktari wala kitanda, bali ni maandalizi ya mwili wa mtoto, na maandalizi hayo hayafanyiki hospitali ya rufaa. Hufanyika nyumbani na katika zahanati ya kijiji, miezi mingi kabla ya siku ya safari.

Makala haya yanaeleza kwa nini mtoto mwenye tatizo hili huugua mara kwa mara, kwa nini daktari hutazama uzito na damu kabla ya kushika kisu, na mambo ambayo mzazi anaweza kuyafanya ili mwanawe afike hospitalini akiwa na kinga imara.

Mdomo sungura ni nini?

Mdomo sungura ni mwanya kwenye mdomo wa juu ambao mtoto huzaliwa nao. Mwanya huo unaweza kuwa wa upande mmoja au pande zote mbili, na wakati mwingine hufika hadi puani. Kaakaa wazi ni mwanya kwenye paa la kinywa, yaani sehemu inayotenganisha kinywa na pua. Mtoto anaweza kuwa na tatizo moja kati ya hayo au yote mawili. Jina la mdomo sungura tunalitumia kwa kuwa ndilo linaloeleweka na wengi, si kwa nia ya kumdhihaki mtoto yeyote.

Uso wa mtoto hujengwa mapema mno, mara nyingi kabla mama hajatambua vema kuwa ni mjamzito. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, na kaakaa huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Sehemu hizo zisipokutana kikamilifu, mwanya hubaki. Duniani hukadiriwa kuwa mtoto mmoja kati ya kila watoto 700 hivi huzaliwa na tatizo la aina hii. Sababu huwa ni mchanganyiko wa mambo ya kurithi na mazingira ya ujauzito, yakiwamo uvutaji wa sigara, unywaji wa pombe, kisukari kisichodhibitiwa na baadhi ya dawa, hasa za kifafa. Kwa familia nyingi hakuna sababu moja inayoweza kuoneshwa kwa kidole. Laana, kisu alichoshika mjamzito, kupatwa kwa mwezi na kosa la mama si miongoni mwa sababu hizo. Baba anayemfukuza mkewe kwa ajili ya mwanya wa mtoto anawaadhibu watu wawili wasio na hatia.

Kwa nini mtoto huyu huugua mara kwa mara?

Kwa watoto walio wengi, mwanya wenyewe hauharibu kinga ya mwili. Wachache huzaliwa pia na matatizo mengine, kama ya moyo, ndiyo maana daktari humchunguza mtoto mwili mzima. Kinacholegeza kinga ya walio wengi ni matokeo ya mwanya, na matokeo hayo hupitia njia nne.

Njia ya kwanza ni njaa. Ili mtoto anyonye, lazima afunge kinywa na kuvuta, kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Mrija ukitoboka, soda haipandi. Vivyo hivyo, mtoto mwenye kaakaa wazi huvuta lakini hewa hupita puani, na maziwa hayaji ya kutosha. Huonekana yuko kifuani kwa saa nzima, kumbe anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Uzito husimama, kisha hushuka. Mwili wenye utapiamlo hauna akiba ya kutengenezea askari wa kupambana na vijidudu, na kila ugonjwa unaopita hunyang'anya akiba kidogo iliyobaki.

Njia ya pili ni mapafu. Maziwa yanayotokea puani au kuingia kwenye njia ya hewa husababisha kikohozi na huweza kuleta nimonia. Akilishwa amelala chali, hatari huongezeka.

Njia ya tatu ni masikio. Misuli ya kaakaa ndiyo inayosaidia kufungua kijia kinachounganisha sikio la kati na koo. Kaakaa likiwa wazi, misuli hiyo haifanyi kazi sawasawa, majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio, na mara nyingine hugeuka usaha. Karibu watoto wote wenye kaakaa wazi hupatwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Madhara yake hayaishii kwenye homa tu, kwani mtoto asiyesikia vizuri huchelewa pia kusema.

Njia ya nne ni upungufu wa damu, unaotokana na lishe duni, malaria na minyoo. Damu ndiyo inayobeba hewa safi kwenda kila sehemu ya mwili, likiwamo jeraha linalohitaji kupona.

Kwa nini daktari hutazama mizani kwanza?

Kwa miaka mingi madaktari wa upasuaji duniani wameongozwa na kanuni nyepesi ya kukumbuka, inayojengwa juu ya namba 10. Kabla ya kushona mdomo, mtoto awe ametimiza angalau wiki 10 tangu kuzaliwa, awe na uzito wa angalau pauni 10, yaani takriban kilo 4.5, na himoglobini ya damu isipungue gramu 10 kwa desilita moja. Kila hospitali ina utaratibu wake, na nyingi hupendelea uzito wa kilo 5 au zaidi, lakini msingi ni uleule: umri, uzito na damu.

Kwa kawaida mdomo hushonwa mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 3 na 6. Kaakaa hufuata baadaye, mara nyingi kati ya miezi 9 na 18, ili lizibwe kabla mtoto hajazoea kutamka maneno kwa kutumia pua. Mtoto anayechelewa kwa sababu ya uzito haondolewi haki ya kutibiwa, na hata mtu mzima hushonwa. Hata hivyo, kila mwezi unaopita bila sababu huongeza ugumu wa kula, kusikia na kusema.

Mafua na kikohozi navyo si jambo dogo. Mtoto akiwa na mafua, njia zake za hewa huwa zimevimba na kujaa makohozi, na akipewa dawa ya usingizi anaweza kubanwa ghafla na kushindwa kupumua. Ndiyo maana upasuaji unaweza kusogezwa mbele kwa wiki 2 hadi 6 ili kifua kitulie. Mzazi anayeficha kikohozi cha mwanawe kwa kuogopa kurudishwa nyumbani anauweka rehani uhai wa mtoto huyo.

Mwisho ni jeraha lenyewe. Ili nyuzi zishike na nyama iungane, mwili unahitaji protini, vitamini A, vitamini C, madini ya zinki na damu ya kutosha. Mtoto dhaifu hushonwa vizuri leo, kisha baada ya siku chache jeraha likaingia wadudu na kufumuka. Kwenye kaakaa, jeraha lililofumuka huweza kuacha tundu linalohitaji upasuaji mwingine.

Maziwa ya mama ni kinga ya kwanza

Maziwa ya mama ni chakula na kinga kwa wakati mmoja. Yale ya mwanzo, yenye rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, yamejaa viini vya kinga na yasimwagwe kwa hali yoyote. Mtoto mwenye mwanya wa mdomo pekee mara nyingi huweza kunyonya titi, iwapo mama ataliweka vizuri ili titi lenyewe lizibe mwanya. Mwenye kaakaa wazi kwa kawaida hawezi kushiba kwa kunyonya tu. Huyu akamuliwe maziwa, kisha alishwe kwa kikombe kidogo au kijiko safi.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka kabla ya kukamua. Chemsha kikombe na kijiko, kisha vifunike.

2. Mpakate mtoto akiwa ameketi wima au ameegemea kidogo, kichwa kikiwa juu ya kifua. Usimlishe akiwa amelala chali.

3. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, kiinamishe kidogo hadi maziwa yaguse midomo, na umwache ayachukue mwenyewe. Usimmiminie maziwa kooni.

4. Simamisha mara kwa mara umcheulishe, kwa kuwa humeza hewa nyingi.

5. Mlo mmoja usizidi nusu saa. Ukizidi hapo, mtoto huchoka na kutumia nguvu alizokusudiwa kuzihifadhi. Ni afadhali kumlisha kidogo kila baada ya saa 2 hadi 3, usiku na mchana, angalau mara 8.

6. Maziwa yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kula yasihifadhiwe kwa mlo unaofuata.

Kipimo kinachotumika kwa watoto wachanga ni takriban mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 4, kwa mfano, anahitaji mililita 600 hivi, zaidi kidogo ya ujazo wa chupa ya maji ya nusu lita. Mama akipima kiasi anachokamua, atajua kwa hakika kama mtoto ameshiba, badala ya kukisia kwa kilio. Ishara nyingine ni mkojo: mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowanisha nepi mara 6 au zaidi kwa siku.

Maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, uji mwepesi na maji ya sukari havifai kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Hujaza tumbo bila kujenga mwili, na huleta kuhara. Mama ambaye maziwa yamepungua, au ambaye kwa sababu za kiafya ana maswali kuhusu kunyonyesha, apate ushauri wa mtoa huduma kabla ya kubadili chochote.

Mtoto akitimiza miezi 6, maziwa yaendelee na vyakula vya nyongeza vianze. Uji uwe mzito kiasi cha kutotiririka ovyo kutoka kwenye kijiko, kwa sababu uji mwepesi hupanda puani kwa urahisi na hauna nguvu. Katika wilaya yetu vyakula vinavyojenga damu na kinga havitoki mbali: dagaa waliosagwa vizuri, yai, maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa laini, maini, viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, mchicha, matembele, papai na embe. Chakula kidogo kikitoka puani, mzazi asiogope wala asiache kumlisha mtoto. Amfute, amwinue, kisha aendelee taratibu.

Chanjo, mizani na chandarua

Baadhi ya wazazi huacha kumpeleka kliniki mtoto mwenye mdomo sungura kwa kuona aibu ya macho ya watu. Aibu hiyo ina gharama kubwa, maana mtoto huyu anahitaji chanjo kuliko mwingine yeyote. Akizaliwa, apate chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 kuna chanjo zinazomkinga dhidi ya nimonia, kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini, polio na kuhara kunakosababishwa na virusi vya rota, kila moja kwa ratiba yake. Chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na kurudiwa akiwa na miezi 18. Matone ya vitamini A huanza akiwa na miezi 6, na hurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5. Dawa ya minyoo hutolewa baada ya kutimiza mwaka mmoja.

Upasuaji si sababu ya kuruka chanjo. Kinachotakiwa ni kumwonesha daktari kadi ya kliniki ili ajue tarehe ya chanjo ya mwisho. Chanjo huweza kuleta homa ndogo ya siku moja au mbili, na daktari akijua hilo hataichanganya na ugonjwa, na atapanga tarehe ya upasuaji ipasavyo.

Mtoto apimwe uzito kila mwezi, na kama uzito hauongezeki, apimwe kila wiki. Mstari wa ukuaji katika kadi ndio utakaomwambia mzazi kama ulishaji unafanikiwa. Mstari ukilala au kushuka, usingoje mwezi ujao.

Nyumbani, mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, kwa kuwa malaria hula damu inayohitajika siku ya upasuaji. Asikae jikoni penye moshi wa kuni, na mtu yeyote asivute sigara karibu naye. Mwenye mafua, awe mgeni au ndugu, asimpakate wala kumbusu. Katika wiki mbili za mwisho kabla ya safari, ni busara kumwepusha na mikusanyiko.

Mambo ya kuepuka

Wataalamu wa afya husisitiza mambo manne ambayo huwarudisha nyuma watoto hawa.

La kwanza ni kukata kimeo. Baadhi ya watu huamini kuwa kimeo ndicho chanzo cha kikohozi cha mtoto au kushindwa kwake kunyonya, na humpeleka kwa fundi wa kienyeji akakatwe. Kwa mtoto mwenye kaakaa wazi, kimeo mara nyingi huwa kimegawanyika sehemu mbili, na nyama yake ni sehemu ya kaakaa ambalo daktari atalihitaji kulijenga upya. Kukikata ni kumwaga damu ya mtoto ambaye tayari damu yake ni pungufu, ni kufungua mlango wa pepopunda na maambukizi mengine, na ni kuharibu akiba ya daktari.

La pili ni dawa zinazouzwa kwa madai ya kuongeza kinga. Hakuna shira, unga wala tone linaloweza kuchukua nafasi ya maziwa, chakula na chanjo. Fedha inayonunua chupa moja ya dawa hiyo ingenunua mayai ya wiki kadhaa. Mtoto akiwa anapewa dawa yoyote, iwe ya dukani au ya mitishamba, daktari aambiwe waziwazi, kwa kuwa baadhi huongeza utokaji wa damu au hugongana na dawa ya usingizi.

La tatu ni kumnunulia mtoto antibiotiki bila kupimwa. Mafua mengi husababishwa na virusi, na antibiotiki haziviui. Zikitumiwa ovyo huzoesha bakteria, na siku jeraha litakapozihitaji kweli, huenda zisifanye kazi.

La nne ni asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Asali huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvidhibiti.

Siku ya safari

Beba kadi ya kliniki, barua ya rufaa, dawa zote anazotumia mtoto, chandarua, nguo za kubadilisha, kikombe na kijiko chake. Kama mtoto alipatwa na homa, kikohozi au kuhara ndani ya wiki mbili zilizopita, sema. Ni vema kupiga simu hospitalini kabla ya kuuza mbuzi.

Kabla ya upasuaji mtoto hufungishwa ili tumbo liwe tupu na asitapike akiwa usingizini. Utaratibu unaotumika mahali pengi ni kusitisha chakula na maziwa mengine muda wa saa 6 kabla, na maziwa ya mama muda wa saa 4 kabla. Hapa wazazi wengi huchanganyikiwa. "Saa 4 kabla" si saa 4 ya usiku wala ya asubuhi, bali ni urefu wa muda. Mwombe muuguzi akutajie saa kamili ya mlo wa mwisho, na uirudie mbele yake. Mlo mmoja wa siri, uliotolewa kwa huruma, huweza kumgharimu mtoto maisha. Vilevile, kumfungisha mtoto mchanga kupita muda ulioelekezwa humwishia sukari na maji mwilini.

Baada ya kushonwa

Kinga ya mtoto inahitajika zaidi katika wiki zinazofuata. Fuata maelekezo ya hospitali kuhusu kusafisha jeraha la mdomo, na usipake kitu ambacho hukuelekezwa, iwe ni majivu, mafuta au dawa ya meno. Baada ya upasuaji wa kaakaa, mtoto hula vyakula laini au vya majimaji kwa muda atakaopangiwa, na baada ya kila mlo hupewa maji safi kidogo ili kusuuza kinywa. Vijiti, vijiko vikali na vidole visiingie kinywani. Hospitali nyingine huvisha mikono ya mtoto kitu cha kuizuia isikunjike. Usikivue kwa huruma bila kuuliza.

Rudi kituo cha afya mara moja ukiona homa, damu isiyokoma, harufu mbaya au usaha, nyuzi zilizofumuka, kupumua kwa shida, au mtoto kukataa kula na kunywa. Usisubiri tarehe ya marudio.

Huduma zinapatikanaje?

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Huko mtoto hupimwa, mama hufundishwa namna ya kumlisha, na barua ya rufaa huandikwa kupitia hospitali ya wilaya. Kwa mujibu wa sera ya afya, watoto walio chini ya miaka 5 hupata matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Upasuaji wa mdomo sungura na kaakaa hufanyika katika hospitali kubwa nchini, zikiwamo Bugando jijini Mwanza na CCBRT jijini Dar es Salaam. Shirika la kimataifa la Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, hugharimia upasuaji huo kupitia hospitali linazoshirikiana nazo. Kwa familia nyingi, basi, mzigo unaobaki ni nauli na siku za kukaa mbali na shamba. Hakuna sababu ya kuibeba safari hiyo mara mbili kwa kukosa maandalizi.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji chako anaweza kukutembelea nyumbani, akakuonesha namna ya kukamua maziwa na kutumia kikombe, na akafuatilia uzito. Wenyeviti wa vitongoji na vijiji, pamoja na viongozi wa dini, wanaombwa kuwafichua kwa upendo watoto waliofungiwa ndani. Mtoto asiyeonekana hawezi kupimwa, na asiyepimwa hawezi kupangiwa tarehe.

Tumrejee mama tuliyeanza naye. Aliporudi kijijini na mtoto wake asiyeshonwa, alikwenda zahanati, na kwa mara ya kwanza tangu ajifungue alioneshwa namna ya kumlisha mtoto kwa kikombe. Hadi siku hiyo alikuwa akimmiminia maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa, mtoto akiwa amelala chali, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Alianza kukamua maziwa yake usiku na mchana. Mkwewe, ambaye awali ndiye aliyesema ni mkosi, alichukua zamu ya alfajiri. Kila Jumatatu mtoto alipandishwa kwenye mizani. Malaria ilitibiwa, chanjo zilizorukwa zikatolewa, na dawa ya kuongeza damu ikatumika kama ilivyoelekezwa. Baada ya wiki 10 mizani ilisoma kilo 5.8, na kifua kilikuwa kimya.

Safari ya pili mama huyo hakusindikizwa na mtu, kwa kuwa wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Mtoto alishonwa mdomo, na jeraha likapona bila tatizo. Sasa anasubiri upasuaji wa kaakaa, na mama bado anampandisha kwenye mizani kila mwezi, maana amekwisha kujua tarehe hiyo inaandikwa wapi.

Mzazi au mlezi mwenye mtoto wa aina hii asisubiri hadi mtoto akue au fedha ipatikane. Afike zahanati wiki hii, hata kama mtoto amezaliwa jana.